Tathmini ya Kazi ya Kikundi katika Miradi ya Usanifu: Kutoka Azimio la Musoma hadi Karakana ya Bweri

1.0 Utangulizi

Katika vyuo vya uhandisi na shule za ufundi, mradi wa usanifu ni sehemu ya masomo ambayo aghalabu huwekwa kuelekea mwisho wa mafunzo. Wanafunzi wanne, watano au sita hupewa tatizo moja. Hutakiwa kulichunguza, kupendekeza njia kadhaa za kulitatua, kuchagua njia moja, kuichora, kutengeneza kielelezo, kukijaribu, na hatimaye kuandika ripoti. Ripoti hiyo ni moja, kielelezo ni kimoja, na mara nyingi alama nazo ni moja kwa wote. Mwalimu anayetoa alama 70 kwa kikundi cha watu watano huwa ametamka, pengine bila kukusudia, kwamba watu hao watano walifanya kazi sawasawa. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kukesha akirekebisha michoro ilhali mwenzake amelala anajua kwamba tamko hilo si la kweli.

Jambo hili si dogo. Alama za mradi huingia katika daraja la shahada au cheti, na daraja hilo ndilo mwajiri analotazama kwanza. Zaidi ya hayo, mtu aliyejifunza kupita kwa mgongo wa wenzake ndiye yule yule ambaye siku moja atatia saini michoro ya daraja au ya tangi la maji. Kwa upande mwingine yupo mwanafunzi ambaye kazi yake haikuonekana, si kwa sababu haikufanyika, bali kwa sababu haikuandikwa, au iliandikwa na mtu mwingine kwa lugha nyingine. Huyu wa pili hasemwi sana katika maandishi yanayohusu tathmini, na ndiye anayeyahusu makala haya zaidi.

Makala haya yanachunguza namna ushirikiano na maendeleo ya kazi yanavyoweza kupimwa katika mradi wa aina hiyo. Hoja yanayoitetea ni kwamba ushirikiano haupimiki kama sifa ya mtu. Hupimika kama tendo lenye mtendaji, mtendewa na tarehe, na hupimika vema zaidi katika lugha ambayo tendo lenyewe lilifanyika. Mifano imechukuliwa Musoma, mkoani Mara, na hasa kata ya Bweri, ambayo wasafiri wengi huijua kwa kituo chake cha mabasi. Musoma imechaguliwa kwa sababu ndipo mahali ambapo swali la kumpima msomi kwa kazi aliyofanya pamoja na wenzake liliwahi kuulizwa kitaifa.

2.0 Musoma, Novemba 1974

Mnamo Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana mjini Musoma na kupitisha maamuzi yanayojulikana katika historia ya elimu nchini Tanzania kama Azimio la Musoma. Azimio hilo hukumbukwa zaidi kwa lengo lake la kuwapatia watoto wote elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Sehemu yake ya pili haitajwi mara nyingi. Iliagiza kwamba mwanafunzi aliyemaliza kidato cha sita asiingie chuo kikuu moja kwa moja. Alipaswa kwanza kufanya kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, na maombi yake yaambatane na maoni ya mwajiri wake na ya tawi la Chama mahali pa kazi. Maadamu wanachama wa tawi hilo walikuwa wafanyakazi wenzake, azimio lilikuwa limeweka sehemu ya hukumu mikononi mwa watu waliobeba mzigo pamoja na mwombaji.

Wazo hilo halikuzuka Musoma. Katika Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kuilaumu shule inayothamini tu kile ambacho mtoto anaweza kukikumbuka na kukiandika peke yake katika chumba cha mtihani, wala haiulizi kama anaweza kufanya kazi na wenziwe kwa manufaa ya wote. Kuanzia mwaka 1976 shule za sekondari nazo zikaanza kuchanganya matokeo ya mtihani na tathmini endelevu, pamoja na tathmini ya tabia na mwenendo katika kazi. Ripoti za maendeleo ambazo wazazi huletewa zimeendelea kuwa na sehemu ya tabia, yenye vipengele kama bidii ya kazi, ushirikiano, heshima na uaminifu, kila kimoja kikiwa na herufi yake.

Hapana budi kukiri kwamba swali lililoulizwa lilikuwa sahihi. Jibu ndilo lililokuwa na kasoro, na kasoro zake zinafaa kuchunguzwa na kila mwalimu anayetaka kutathmini kikundi, kwa sababu zinarudiwa hadi leo katika fomu zenye sura ya kisasa.

Kasoro ya kwanza ni kwamba kilichopimwa kilikuwa sifa. Mtu akiandikiwa "Ushirikiano: B", herufi hiyo haina siku wala mahali. Haisemi alishirikiana na nani, katika jambo gani, wala alifanya nini hasa. Mwenye kuipokea hawezi kuipinga, na mwenye kuitoa hawezi kuitetea. Kwa hiyo herufi ya namna hiyo huelekea kupima ukaribu baina ya mpimaji na mpimwa kuliko kupima kazi. Mtu mpole hupata A. Mtu mbishi, hata kama ubishi wake ndio uliookoa kazi, hupata C.

Kasoro ya pili inahusu masilahi ya mpimaji. Mwajiri anayetakiwa kuandika maoni juu ya mfanyakazi anayetaka kuondoka kwenda kusoma si mtu asiye na upande. Yamkini asingependa kumpoteza mfanyakazi hodari, na yamkini angefurahi kumsindikiza yule mzembe. Mwanafunzi anayempima mwenzake katika kikundi yuko katika hali inayofanana na hiyo, maana alama za mwenzake na zake zinatoka katika chungu kimoja.

Ya tatu haikutazamiwa. Sharti la kufanya kazi kwanza lilikuwa moja kwa wote, lakini uzito wake haukuwa mmoja. Idadi ya wanawake walioingia chuo kikuu ilishuka, na haikupita miaka mingi kabla ya wao kuondolewa sharti hilo. Katika miaka ya 1980 sharti lenyewe lililegezwa, na baadaye likaachwa. Katika mradi wa usanifu jambo hilo hujirudia kwa sura ndogo: msichana aliye peke yake katika kikundi cha wavulana huteuliwa kuwa mwandishi wa vikao kabla hata hajaulizwa kama anajua kuchomelea. Baadaye fomu humpa alama ndogo katika kipengele cha "kazi ya karakana". Fomu ni ile ile kwa wote, naye amepunjwa.

3.0 Umbo la neno na umbo la kipimo

Lugha ya Kiswahili ina jambo la kusema hapa, na ni ajabu kwamba fomu za tathmini zinazotungwa na wazungumzaji wa Kiswahili hazijalisikiliza. Nomino ushirikiano imetokana na kitenzi shirikiana, chenye kiambishi cha kutendana -an-. Kitenzi cha namna hiyo hudai pande mbili au zaidi. Sentensi "Mwanafunzi huyu alishirikiana" haijakamilika, na msikilizaji hubaki akingoja kiunganishi na: alishirikiana na nani? Lakini mara kitenzi kinapogeuzwa kuwa nomino, dai hilo hutoweka. Ushirikiano unaweza kusimama peke yake juu ya mstari wa fomu, ukiwa na herufi pembeni, wala hakuna anayeuliza upande wa pili uko wapi. Nomino imemeza watendaji wake.

Mzizi huo huo una matawi mengine ambayo mtathmini hana haki ya kuyachanganya. Kushiriki ni kuwamo katika jambo: mtu aweza kuhudhuria vikao vyote na asiwe amefanya zaidi ya hapo. Kushirikisha ni kumwingiza mwingine katika jambo, na ni tendo la mtu mmoja kwa mwenzake. Kushirikiana ni la wote kwa wote. Mwanafunzi hodari wa hesabu anayefanya mahesabu yote usiku na kuyaleta yakiwa tayari ameshiriki sana, lakini hakumshirikisha mtu, na kwa hiyo kikundi hakikushirikiana katika kazi hiyo. Fomu yenye neno moja tu la ushirikiano humpa ama alama nyingi ama chache, na zote mbili ni dhuluma.

Aidha, Kiswahili kina jozi ya maneno ambayo wataalamu wa elimu wa lugha nyingine huhitaji maelezo marefu kuyafikia. Kutegemeana ni kule kuwekeana uzito: mchoraji hawezi kuendelea mpaka mpimaji alete vipimo, na mchomeleaji hawezi kuwasha mashine mpaka mchoro ukubaliwe. Hiyo ni sifa ya mradi uliopangwa vizuri. Kutegea ni kuacha wenzio waanze ili wewe usifanye, au kuchelewa makusudi hadi kazi imekwisha. Kwa mtu aliyesimama mbali mambo haya mawili hufanana, kwani katika yote mawili kuna mtu amekaa na mwingine anafanya kazi. Tofauti yake ni kama aliyekaa alikuwa akingoja kitu kilichokubaliwa, na kama alipokipata aliinuka. Tofauti hiyo haionekani katika siku ya kuwasilisha ripoti. Huonekana tu katika kumbukumbu za wiki hadi wiki.

4.0 Chanja ya kuanikia dagaa: mradi wa kudhania

Ili hoja hizi zisielee hewani, na uchukuliwe mradi mmoja wa kudhania unaolingana na mazingira ya Musoma. Mji huo uko ufukoni mwa Ziwa Viktoria, lenye eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800, ambalo karibu nusu yake iko Tanzania. Dagaa wa ziwa hilo huvuliwa usiku kwa taa, hasa katika siku za giza la mwezi, na asubuhi huanikwa mwaloni juu ya mchanga, mawe au nyavu kuukuu. Jua likiwaka hukauka. Mvua za masika na za vuli zikinyesha, dagaa hulowa, hubadilika rangi na kuvunda, na wale wanaonusurika huuzwa kwa bei ya chini kwa ajili ya chakula cha kuku. Chanja iliyoinuliwa juu ya ardhi huwakinga dagaa na mchanga, na ikiezekwa kwa plastiki angavu huwakinga na mvua pia.

Kikundi cha wanafunzi watano kimepewa wiki kumi na mbili kusanifu na kutengeneza chanja ya namna hiyo katika karakana iliyoko Bweri. Wamegawana kazi: mmoja ni mchoraji, wa pili mnunuzi wa vifaa, wa tatu mchomeleaji, wa nne mpimaji wa majaribio, na wa tano mwandishi wa ripoti.

4.1 Maendeleo

Swali ambalo wasimamizi wengi huuliza kila wiki ni: "Mmefikia asilimia ngapi?" Ni swali baya. Vikundi vyote hufika asilimia tisini upesi, na huko hukaa hadi siku ya mwisho. Asilimia ya namna hiyo hupima matumaini. Jedwali la kazi na siku, lililoenezwa na Mmarekani Henry Gantt katika miaka ya 1910, husaidia kuonyesha ni kazi gani imechelewa, lakini nalo hujazwa na wenye kazi wenyewe, na mstari hurefushwa kwa kalamu tu.

Swali linalofaa ni jepesi zaidi: kuna nini leo ambacho hakikuwapo Ijumaa iliyopita? Jibu ni lazima liwe kitu kinachoshikika au kusomeka: mchoro uliokubaliwa, stakabadhi ya mabomba, fremu iliyosimama, jedwali la vipimo. Hata jaribio lililoshindwa ni maendeleo, mradi limeandikwa. Kikundi kilichojaribu wavu wa aina tatu na kuziacha mbili kimesonga mbele kuliko kile kilichochagua wavu wa kwanza kilichouona dukani.

Mradi wa chanja una bahati ya kuwa na kipimo ambacho hakibembelezeki. Ikichukuliwa kwamba dagaa wabichi wana maji asilimia 75, kilo 10 za dagaa hao zina kilo 2.5 za kitu kikavu. Ikitakiwa maji yabaki asilimia 15, uzito wa mwisho utakuwa 2.5 ikigawanywa kwa 0.85, yaani kilo 2.9 hivi. Mizani ya kawaida inatosha kuonyesha kama chanja imefikisha uzito huo kwa siku moja, mbili au tatu, na dagaa wengine kilo 10 walioanikwa mchangani siku hiyo hiyo watatoa ulinganisho. Kikundi kilichoweka lengo hili katika wiki ya pili kinaweza kuhukumiwa kwalo katika wiki ya kumi. Ama kikundi kilicholiweka baada ya kupata matokeo, hicho kimejitahini na kujisahihishia chenyewe.

4.2 Mivutano

Mwanasaikolojia wa Marekani Bruce Tuckman alipendekeza mwaka 1965 kwamba vikundi hupitia hatua nne, na mwaka 1977 yeye na Jensen wakaongeza ya tano. Kwa Kiswahili hatua hizo zaweza kuitwa kukusanyika, kuvutana, kuelewana, kutenda na kutawanyika. Mpangilio huo si sheria ya maumbile, na vikundi vingine hurudi nyuma au huruka hatua. Faida yake kwa mtathmini ni moja: unamkumbusha kwamba ugomvi wa wiki ya nne si dalili ya kushindwa. Kikundi ambacho hakikuwahi kuvutana huenda ni kikundi ambamo mtu mmoja aliamua na wengine wakanyamaza. Katika jamii ambamo mdogo hafundishwi kumpinga mkubwa hadharani, ukimya huo ni rahisi kuufasiri kuwa adabu na kuupa alama nyingi. Kwa sababu hiyo tathmini ya mara moja, inayofanywa mwishoni, haifai. Angalau nyakati tatu zinahitajika, na ya kwanza isiwe na alama kabisa, ili wanafunzi waambiane ukweli wakati bado upo muda wa kujirekebisha.

4.3 "Paa liliinuliwa"

Na idhaniwe sasa kwamba katika wiki ya saba chanja inajaribiwa kwa mara ya kwanza. Mvuke unaotoka kwa dagaa unapanda, unagusa plastiki iliyopoa asubuhi, unageuka kuwa matone na kuwadondokea dagaa wale wale. Mpimaji anaona uzito haupungui. Mchoraji anapendekeza plastiki itobolewe. Mchomeleaji, ambaye hajasema mengi tangu mradi uanze, anaeleza kwa Kiswahili cha karakana kwamba paa limelala mno: likiinuliwa upande mmoja, matone yatateleza hadi ukingoni, na mwanya wa juu utatoa mvuke. Maelezo yake yanachukua dakika mbili. Siku ya pili anakata, anachomelea, na tatizo linakwisha.

Baada ya wiki nne mwandishi anaandika ripoti kwa Kiingereza, akitumia kauli ya kutendwa kama inavyopendelewa katika maandishi ya kisayansi. Kwa Kiswahili sentensi yake ingekuwa: "Mteremko wa paa uliongezwa ili kuzuia matone." Uliongezwa na nani? Kauli ya kutendwa haidai kumtaja mtendaji, na hapa haikumtaja. Msahihishaji wa nje anayesoma ripoti hiyo anaona lugha safi, anaona wazo zuri, na kwa kawaida ya binadamu anamhesabia wazo hilo yule aliyemweleza vizuri. Katika mahojiano ya mwisho, yanayofanywa kwa Kiingereza, mwandishi anajibu na mchomeleaji ananyamaza. Daraja la mwandishi linapanda.

Hakuna aliyedanganya katika kisa hiki. Mwandishi hakuiba, alifuata kanuni za uandishi alizofundishwa. Lakini wazo lililoukomboa mradi limehama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, na njia lililopitia ni sarufi.

5.0 Alama za kila mmoja

Kwamba watu hupunguza juhudi wanapokuwa wengi ni jambo lililopimwa zamani. Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, alifanya majaribio ya kuvuta katika miaka ya 1880 na kuyachapisha mwaka 1913. Nguvu ya mtu mmoja ikihesabiwa kuwa 100, watu wawili walivuta kila mmoja kwa wastani wa 93, watatu 85, na wanane 49 tu. Sehemu ya upungufu huo ilitokana na kutovuta kwa pamoja, jambo ambalo wavuvi wanaokokota mtumbwi hulitibu kwa wimbo. Mwaka 1974, mwaka ule ule wa Azimio la Musoma, Ingham na wenzake huko Marekani waliwafunga watu vitambaa machoni na kuwafanya waamini kwamba wapo wengine wanaovuta nyuma yao, ilhali hawakuwapo. Juhudi yao ilipungua vilevile. Hapo hapakuwa na suala la kutovuta kwa pamoja. Huko ndiko kutegea.

Dawa inayotumiwa katika vyuo vingi duniani ni kuwaacha wanakikundi wapimane, kisha kuzidisha alama ya kikundi kwa uwiano wa kila mmoja. Ikiwa kikundi cha chanja kimepata 70, na wastani wa maksi ambazo kila mmoja alipewa na wenzake, kati ya 5, ni 4.5, 4.2, 4.0, 3.8 na 2.5, basi wastani wa kikundi ni 3.8. Wa kwanza atapata 70 mara 4.5 gawanya kwa 3.8, yaani 83 hivi. Wa nne atabaki na 70, na wa mwisho ataangukia 46.

Hesabu hiyo inavutia kwa wepesi wake, lakini ina tundu. Kwa kuwa jumla haibadiliki, alama anazopoteza mzembe hugawiwa wenzake. Wanafunzi walio katika kikundi chenye mtegeaji mmoja wanaweza kupanda hadi 83 kwa kazi ile ile ambayo, katika kikundi cha watu wote wenye bidii, ingewapa 70. Mfumo unawalipa kwa kuwa na mzembe. Ndiyo maana wako wanaoweka ukomo wa juu, kwa mfano kwamba hakuna uwiano utakaozidi 1.05 au 1.1. Ukomo huo ni wa busara. Hata hivyo hautibu kasoro za mwaka 1974, maana kama maksi za 4.5 na 2.5 zimetolewa kwa neno tupu la ushirikiano, hesabu haitafanya zaidi ya kuupa urafiki desimali.

Kwa hiyo kinachoingizwa katika hesabu ndicho cha kushughulikiwa kwanza. Badala ya kuuliza "Mwenzako ana ushirikiano kiasi gani?", fomu iulize: Taja jambo moja ambalo mwenzako huyu alilifanya wiki hizi nne, nawe ukalitumia katika kazi yako. Taja jambo moja ulilolingoja kwake likachelewa. Ni nani aliyekuonyesha kitu usichokijua, na kitu gani? Mtu asiyeweza kutaja tendo asitoe maksi. Na matendo yaliyotajwa yalinganishwe na daftari la mradi, ambalo kila siku ya kazi huandikwa kwa kauli ya kutenda, mtendaji akiwa ametajwa: "Mchomeleaji aliinua paa kwa sentimeta 20 baada ya kuona matone; mpimaji alipinga, kisha akakubali baada ya jaribio la pili." Sentensi hiyo moja ina tendo, tarehe iliyo pembeni ya ukurasa, ubishi, na namna ubishi ulivyokwisha.

6.0 Lugha ya daftari na lugha ya mahojiano

Daftari hilo liandikwe kwa lugha gani? Wanafunzi wa Tanzania, wawe Bweri au Dar es Salaam, hujadiliana, hugombana na kupatana kwa Kiswahili wawapo kazini, hata kama masomo yao hutolewa kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na mjadala wake umekwisha kujaza kurasa nyingi. Kinachohusika hapa ni kidogo zaidi, nacho hakihitaji kungoja sera. Hakuna kanuni ya uhandisi inayodai kwamba kumbukumbu za kazi za kila siku za kikundi, au fomu ambayo mwanafunzi anampimia mwenzake, iwe katika lugha ambayo hawakuitumia kufanyia kazi. Ripoti ya mwisho na ibaki katika Kiingereza ikiwa chuo kinataka hivyo. Lakini ushahidi wa nani alifanya nini uandikwe pale pale, katika lugha iliyotumika pale pale, kabla haujapita katika chujio la mwandishi mmoja.

Pingamizi linalotolewa ni la istilahi. Husemwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha ya uhandisi. Kwa daftari la karakana pingamizi hili ni dhaifu. Fundi anayesema fremu, bomba, nondo, bawaba, mteremko, kuchomelea na kupiga randa hakwami, na pale anapokosa neno hutohoa, kama lugha zote zinavyofanya. Kwa upande wa sayansi ya msingi, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikwisha kutoa mwaka 1990 kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Upungufu mkubwa uko katika istilahi za tathmini yenyewe, na hapo ndipo idara za Kiswahili zingeweza kufanya kazi pamoja na walimu wa ufundi: kutofautisha kushiriki, kushirikisha na kushirikiana katika fomu, na kuamua kama "timu", neno linalobeba harufu ya uwanja wa mpira na mshindi mmoja, linafaa pale "kikundi" lilipokuwa likitosha.

Mahojiano ya mwisho nayo yafanyiwe mbele ya chanja yenyewe, si mbele ya ubao. Kila mwanafunzi aulizwe juu ya sehemu ambayo hakuitengeneza yeye: mwandishi aeleze kwa nini paa limeinuliwa, mchomeleaji aeleze kilo 2.9 zimepatikanaje. Mwanafunzi anayeweza kuieleza kazi ya mwenzake alikuwapo ilipofanyika, au alishirikishwa baadaye, na yote mawili ni ya kuhesabiwa. Asiyeweza, hata kama kipande chake ni kizuri, alifanya kazi kando ya kikundi. Maswali yaulizwe kwa lugha anayoichagua mwanafunzi, na msahihishaji wa nje asiyejua Kiswahili awe na mkalimani, jambo ambalo mahakama na hospitali hulifanya bila kuona aibu.

Wako pia watathmini ambao hawapewi fomu, nao ni wanawake wanaoanika dagaa mwaloni. Hao wataitazama chanja, watauliza bei ya plastiki na itadumu misimu mingapi, watauliza kama watu wawili wanaweza kuihamisha upepo ukigeuka. Jibu lao halisi hutolewa katika mvua za masika, wakati alama zimekwisha kutumwa na kikundi kimekwisha kutawanyika. Chuo kinachotaka kulisikia jibu hilo italazimu kibakize sehemu ndogo ya alama, au kipange mradi uanze mapema kiasi cha kuikuta mvua, na kimtume mpimaji na mchomeleaji mwaloni wakiwa na mizani na daftari lile lile.